Dan Gable: Bingwa Aliyejifunza Kuwa Kocha

Dan Gable alikuwa kocha mkuu wa timu ya mieleka ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kwa misimu 21, hadi alipoacha mwaka 1997. Katika muda huo timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vikuu mara 15, na ubingwa wa ligi yake, Big Ten, iliutwaa kila mwaka bila kukosa hata mmoja. Katika mapambano ya timu kwa timu ilishinda 355, ikapoteza 21 na kutoka sare 5. Kabla ya hapo yeye mwenyewe alikuwa mwanamieleka wa kuogopwa, mwenye dhahabu ya Olimpiki. Wengi humkumbuka kwa dhahabu hiyo. Kazi iliyokuwa ngumu zaidi ilikuja baadaye, akiwa ameketi pembeni ya mkeka, kwa sababu huko ilimbidi apate kutoka kwa vijana wengine kile ambacho kwake kilikuja chenyewe.

Mieleka ya vyuo si ile ya maonyesho ambayo watazamaji wa televisheni Afrika Mashariki wameizoea, yenye ulingo wa kamba na mshindi aliyepangwa mapema. Hapa washindani hukutana juu ya godoro jembamba la mpira lililotandazwa sakafuni, na hakuna ajuaye nani atatoka na ushindi. Wapo waliopita njia zote mbili: Brock Lesnar alikuwa bingwa wa vyuo wa uzito wa juu mwaka 2000 akiwa Chuo Kikuu cha Minnesota, na Kurt Angle alikuwa bingwa wa vyuo mara mbili kabla ya kupata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996 na hatimaye kuingia kwenye maonyesho.

Pambano la chuo huchukua dakika saba: kipindi cha kwanza dakika tatu, vipindi viwili vinavyofuata dakika mbili mbili. Anayembwaga mwenzake na kumdhibiti hupata pointi, mbili kwa miaka mingi na tatu tangu msimu wa 2023-24. Aliye chini akichoropoka hupata moja. Akipindua mambo akawa juu yeye, hupata mbili. Muda wa kumkalia mpinzani nao huhesabiwa kwa saa, na aliyemzidi mwenzake kwa dakika nzima huongezewa pointi. Zaidi ya yote hayo kuna kuyabana mabega mawili ya mpinzani chini. Likitokea hilo, pambano limekwisha, hata kama aliyebana alikuwa nyuma kwa pointi nyingi. Uzito huu unaowekwa kwenye kumdhibiti mtu chini ndio unaoitofautisha mieleka ya vyuo na mtindo huru wa Olimpiki, na ndio uliomfaa kocha aliyeamini katika kumchosha mpinzani.

Timu huwa na watu kumi, mmoja kwa kila daraja la uzito, kuanzia kilo 57 hivi hadi kilo 129. Katika mashindano ya taifa, yanayoendeshwa kila Machi na chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kila mtu hupigania nafasi yake mwenyewe, lakini kila ushindi wake unaiongezea timu pointi. Kumlaza mtu mgongo chini kuna pointi za ziada. Hata aliyepoteza mapema anaweza kurudi kupitia upande wa walioshindwa mara moja, akapanda hadi nafasi ya tatu, na kila hatua yake ikahesabiwa. Kocha asiyeyajali mapambano hayo ya asubuhi, ambayo watazamaji wachache ndio huyatazama, anaweza kuukosa ubingwa akiwa na nyota wawili watatu kwenye fainali.

Kocha wa chuo kikuu nchini Marekani ni mwajiriwa wa chuo kwa kazi hiyo tu. Ana wasaidizi, bajeti, ofisi na chumba cha mazoezi. Ana mgao wa ufadhili wa masomo ambao huwagawia vijana anaowataka, na kwa miongo kadhaa mgao huo katika mieleka ulikuwa mdogo kuliko idadi ya watu aliowahitaji, kwa hiyo aliukatakata vipande. Wanamieleka wake ni wanafunzi. Wana mitihani, na kila mmoja anaruhusiwa misimu minne tu ya kushindana. Maana yake timu haidumu. Bingwa wa mwaka huu amehitimu mwakani, na kocha anayetaka kushinda kwa miaka ishirini lazima ajenge timu mpya tano au sita, moja juu ya nyingine.

Gable alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1948 mjini Waterloo, katika jimbo la Iowa. Ni jimbo la mahindi, soya na nguruwe katikati ya Marekani, lisilo na timu kubwa za kulipwa, na mieleka ya shule za sekondari imejaza pengo hilo. Mashindano ya shule ya jimbo zima, mjini Des Moines, hujaza ukumbi siku nzima. Miji ya jimbo hilo, ikiwamo Waterloo na Iowa City kilipo chuo, leo ina pia familia kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili, na watoto wao wanasoma katika shule ambazo chumba cha mieleka ni cha kawaida kama uwanja wa mpira kwingineko.

Katika shule ya West High, chini ya kocha Bob Siddens, Gable alishinda mapambano 64 na hakupoteza hata moja. Miaka hiyo ndiyo familia yake ilipopatwa na msiba ambao amekuwa akiuzungumzia waziwazi maisha yake yote. Mwishoni mwa Mei 1964, dada yake pekee, Diane, aliyekuwa na miaka 19, aliuawa nyumbani kwao wakati wazazi na Gable mwenyewe wakiwa safarini kuvua samaki. Wazazi walikaribia kuihama nyumba, na ugomvi wa majonzi ukaingia kati yao. Kijana wa miaka 15 akahamishia vitu vyake katika chumba cha dada yake ili familia ibaki pale. Amesimulia kwamba tangu hapo mieleka haikuwa yake peke yake tena; ilikuwa kitu cha kuwapa wazazi sababu ya kutoka nyumbani na kushangilia. Ukali wa mazoezi yake hauelezeki vizuri bila kukijua kisa hiki.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Iowa State mjini Ames, ambacho ni chuo tofauti na kile alichokuja kukifundisha, na ni wapinzani wa jadi. Kocha wake huko, Harold Nichols, alikuwa mtu wa maneno machache aliyeingiza chumbani vijana wengi wenye vipaji na kuwaacha wanoane wenyewe. Gable alikuwa bingwa wa taifa mwaka 1968 na 1969. Mpaka anafika fainali yake ya mwisho, Machi 1970, mjini Evanston, alikuwa hajashindwa tangu aingie sekondari: ushindi 181 mfululizo. Larry Owings wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa amepunguza uzito kwa makusudi ili akutane naye katika daraja la kilo 64. Owings akamshinda 13 kwa 11.

Pambano hilo limeandikwa mara nyingi kuliko ushindi wake wote, na kwa haki. Gable alilia, kisha akarudi Ames kuchambua alichokosea, na kwa maelezo yake mwenyewe hapo ndipo alipoanza kusoma mieleka kama somo. Kabla ya Evanston alitegemea nguvu, pumzi na kazi nyingi kuliko mtu yeyote. Baada yake aliongeza maarifa ya ufundi na ya mpinzani. Mwaka 1971 alikuwa bingwa wa dunia mjini Sofia, Bulgaria. Mwanzoni mwa 1972 alishinda mashindano magumu ya Tbilisi, ndani ya Umoja wa Kisovyeti, na inasimuliwa kwamba wenyeji waliapa kutafuta nchi nzima mtu wa kumwangusha katika Olimpiki. Agosti mjini Munich, akiwa na goti bovu na jeraha la kichwani lililoshonwa katika pambano la kwanza, alishinda mapambano sita bila mpinzani yeyote kupata hata pointi moja dhidi yake. Katika pambano la mwisho alimshinda Ruslan Ashuraliyev, Msovyeti.

Mwaka huohuo Gary Kurdelmeier, kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Iowa, alimchukua kuwa msaidizi wake. Ulikuwa usajili wa busara. Kurdelmeier alijua kuendesha ofisi na kutafuta fedha, naye msaidizi wake kijana alikuwa jina ambalo kila mzazi wa mwanamieleka nchini alilijua. Vijana walikuja kwa sababu ya jina hilo, na walipofika wakakuta bingwa wa Olimpiki anashika nao mkekani kila siku. Iowa ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1975, mara ya kwanza katika historia yake, na tena 1976. Kurdelmeier akahamia kwenye utawala, na Gable akakabidhiwa timu akiwa na miaka 27.

Msimu wake wa kwanza, Iowa ilishika nafasi ya tatu. Ubingwa ulikwenda kwa Iowa State ya mwalimu wake, Nichols. Msimu wa pili, Machi 1978, Iowa ilishinda kwa nusu pointi: 94.5 dhidi ya 94 za Iowa State. Katika madaraja yote kumi hapakuwa na bingwa hata mmoja kutoka Iowa. Ushindi huo unaonyesha ukocha wake kuliko mwingine wowote uliofuata. Timu isiyo na bingwa ilitwaa taifa kwa pointi zilizookotwa moja moja na watu waliopigania nafasi za chini, na aliyewafundisha ni mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akipigania nafasi ya kwanza tu. Kuanzia mwaka huo Iowa ilishinda mara tisa mfululizo, hadi 1986.

Siri ya miaka hiyo ilikuwa chumba cha mazoezi. Gable alitaka pambano la mashindano liwe jepesi kuliko jioni ya kawaida ya wiki. Vijana wake walishikana kwa vipindi virefu bila kupumzika, wakabadilishiwa wapinzani wabichi kila walipochoka, na waliomaliza mazoezi ya timu walikuwa na mbio, ngazi na kamba za kupanda. Chumba kilijaa mabingwa wa zamani waliobaki Iowa City kujiandaa kwa Olimpiki, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alibwagwa nao mchana kutwa. Alipofika kwenye mashindano, alikuwa amekwisha kushikwa na watu wakali kuliko wote atakaowakuta.

Hapo ndipo ulipotoka mtindo ambao Wamarekani wanautaja kwa jina la jimbo. Mwanamieleka wa Iowa alishambulia tangu filimbi ya kwanza, akasukuma, akashika kichwa, akarudi katikati ya mkeka haraka kuliko mpinzani, na hakupunguza mwendo alipokuwa mbele. Kwa makocha wengine, kijana anayeongoza kwa pointi nne na dakika moja imebaki hufundishwa kulinda. Gable alimtaka aendelee kutafuta pointi, kwa sababu pointi za ziada ni za timu, na kwa sababu mpinzani aliyevunjika pumzi mwaka huu atakumbuka mwaka ujao. Dakika ya saba ndiyo iliyokuwa mali ya Iowa. Wapinzani wengi walionekana kushindwa kabla haijafika.

Lakini kuwakimbiza watu ni sehemu rahisi ya kazi hii. Wengi walioiga mazoezi yake hawakuyapata mataji yake, na sababu yake iko kwenye mambo ambayo hayaonekani ukumbini. Gable alifahamika kwa kukaa na vijana wake ndani ya sauna baada ya mazoezi. Mle, kila mtu akiwa na taulo tu na amechoka, ndimo alimosikia nani amegombana na mchumba, nani amefeli mtihani, nani anaumwa na anaficha. Mwanzoni mwa ukocha wake alielekea kumtaka kila mtu awe Dan Gable. Kadiri miaka ilivyopita alitambua kwamba kuna kijana anayeamka akikaripiwa na kuna anayezama, kuna wa kusukumwa na kuna wa kuzuiwa asijiumize. Pacha Tom na Terry Brands, kutoka mji mdogo wa Sheldon, walikuwa wa aina hiyo ya mwisho. Kazi ya kocha kwao ilikuwa kuwapunguzia. Randy Lewis, mwenye vipaji vya kushangaza na asiyependa utaratibu, alitaka mkono mwingine kabisa, na Gable akakubali kumfundisha kwa namna isiyofanana na yake mwenyewe. Lewis alikuwa bingwa wa vyuo mara mbili, kisha bingwa wa Olimpiki.

Suala la uzito lilikuwa zito kuliko yote. Mwanamieleka hupenda kushindana katika daraja lililo chini ya uzito wake wa kawaida, na kwa miaka mingi vijana walijinyima chakula na maji, wakakimbia wakiwa wamevaa nguo za mpira, wakakaa sauna hadi mate yakakauka. Mwaka 1982, mmoja wa vijana wa Iowa alitoroka safari ya mashindano ya Big Ten kwa sababu hiyo. Makocha walimkuta dukani akijinunulia vyakula vitamu. Alirudi, akapima, akashinda. Kwa muda mrefu kisa hicho kilisimuliwa kwa kicheko. Miezi michache tu baada ya Gable kuacha ukocha, mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vitatu tofauti walikufa wakipunguza uzito, ndani ya wiki chache. NCAA ikapiga marufuku nguo za mpira na mazoezi kwenye vyumba vya joto, ikaongeza vipimo vya madaraja, na ikasogeza kupima uzito hadi karibu na saa ya kushindana ili mtu asipate nafasi ya kujikausha na kujijaza tena. Hatua hizo zilikuwa za haki, na zilichelewa. Desturi hiyo ilikuwa ya mchezo mzima, na timu bora kuliko zote haikuwa nje yake.

Mwaka 1984 Gable aliongoza timu ya Marekani ya mtindo huru katika Olimpiki ya Los Angeles. Alikuwa kocha wa timu ya 1980 pia, ambayo haikwenda Moscow kwa sababu ya mgomo wa serikali yake. Los Angeles Wamarekani walichukua dhahabu saba kati ya kumi. Ni kweli kwamba Wasovyeti na washirika wao wengi hawakuwapo, nao walikuwa wenye nguvu kuliko wote. Hata hivyo, chuo kimoja kutoa mabingwa watatu wa Olimpiki kwa siku chache, Lewis na ndugu pacha Ed na Lou Banach, pamoja na medali ya fedha ya Barry Davis, ni jambo ambalo vyuo vingine havikulifikia. Wakati huo timu ilikuwa imehamia kwenye ukumbi mpya wa Carver-Hawkeye, wenye viti zaidi ya 15,000. Tukio la kwanza kabisa kufanyika humo, Januari 1983, lilikuwa pambano la mieleka. Televisheni ya umma ya jimbo ilirusha mapambano hayo hadi mashambani, na wakulima waliyafuata majira ya baridi kama habari ya hali ya hewa.

Kisha ukaja mwaka 1987. Iowa ilitaka ubingwa wa kumi mfululizo, na vijana walivaa mavazi yenye alama ya X, kumi kwa namba za Kirumi. Iowa State iliwashinda. Mwaka uliofuata ubingwa ulikwenda Arizona State, chini ya Bobby Douglas, kocha Mwafrika Mmarekani wa kwanza kuutwaa, na miaka miwili iliyofuata kwa Oklahoma State. Timu ya Iowa ilikuwa nzuri bado. Iliendelea kutwaa ubingwa wa ligi yake. Ila ilikuwa imezoea kushinda, na mazoea hayo huingia chumbani polepole bila mtu kuyaona. Gable alirudi kwenye kusaka vijana wenye njaa kuliko wenye sifa. Kundi la pacha wa Brands lilipokomaa, ubingwa ukarudi 1991, 1992 na 1993, kisha tena 1995 na 1996. Kwa mwandishi wa historia ya mchezo, mataji hayo ya pili ndiyo yenye thamani zaidi. Mtu anaweza kurithi wimbi na kulipanda miaka tisa. Kuanguka na kulijenga upya kunahitaji kocha.

Msimu wa mwisho ulikuwa mgumu mwilini mwake. Miaka ya mieleka ilikuwa imemla viungo, na Januari 1997 alibadilishiwa nyonga. Alirudi pembeni ya mkeka kwa magongo. Timu haikuwa inapewa nafasi ya kwanza, kwani Oklahoma State ilionekana kuwa na nguvu zaidi. Mashindano ya taifa yalifanyika Cedar Falls, mji unaopakana na Waterloo alikozaliwa. Iowa ilitoa mabingwa watano na kukusanya pointi 170, rekodi iliyodumu hadi 2024.

Kati ya mabingwa hao watano alikuwamo Jessie Whitmer wa daraja la uzito mdogo kuliko yote. Alikaa benchi miaka mingi nyuma ya mwenzake aliyekuwa bora, akaja kila siku kubwagwa na kubwaga bila kujua kama zamu yake ingefika. Ilifika katika mwaka wake wa mwisho chuoni, na katika msimu huo mmoja akawa bingwa wa taifa. Lincoln McIlravy, aliyetwaa ubingwa wake wa tatu siku hiyohiyo, angeweza kung'aa katika chuo chochote. Whitmer alihitaji chumba kile, na kocha ambaye hakumwacha aone kwamba anapoteza muda.

Baada ya hapo Gable aliacha ukocha mkuu. Jumla ya wanafunzi wake walichukua ubingwa binafsi wa taifa mara 45. Alikuwa mmoja wa makocha wa timu ya Marekani katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000, na alirudi Iowa kuwa msaidizi kwa msimu wa 2006-07, wakati Tom Brands, aliyekuwa ametwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1996, alipopewa timu. Jim Zalesky, mwanafunzi wake mwingine, ndiye aliyempokea kijiti 1997 na kushinda mara tatu za kwanza. Barry Davis alifundisha Wisconsin kwa miaka 25. J Robinson, aliyekuwa msaidizi wake, aliipa Minnesota ubingwa wa taifa mara tatu. Kuna nyakati ambapo sehemu kubwa ya makocha wa Big Ten walikuwa watu waliopita chumba chake, na Iowa ililazimika kushindana na mafunzo yake yenyewe.

Mchezo ulibadilika pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vyuo vya daraja la juu vyenye mieleka vilizidi 140. Leo havifiki 80. Vyuo vingi vilifuta timu ili kubana matumizi, na vingine ili kusawazisha nafasi za wanaume na wanawake kama sheria ya shirikisho ya 1972 inavyotaka, huku timu za kandanda ya Kimarekani zikibaki na makumi ya nafasi. Februari 2013 kamati ya utendaji ya Olimpiki ilipendekeza mieleka iondolewe kwenye michezo ya msingi, na Gable akawa miongoni mwa waliozunguka kuitetea. Septemba mwaka huohuo, mjini Buenos Aires, ilirudishwa. Taji la kocha mwenye mafanikio makubwa zaidi kwa sasa linazungumzwa kwa jina la Cael Sanderson, aliyemaliza chuo Iowa State bila kushindwa, 159 kwa 0, na ambaye hadi 2025 alikuwa ameipa Penn State ubingwa mara 12. Vijana wake hushambulia bila kupumzika kama wale wa Iowa, ingawa chumba chake kinasemekana kuwa na furaha zaidi na ukali mdogo.

Upenzi wa mieleka Iowa haukupungua. Novemba 2015 mkeka ulitandazwa katikati ya uwanja wa chuo wa kandanda ya Kimarekani, nje kwenye baridi, na watu 42,287 wakaja kutazama Iowa ikipambana na Oklahoma State. Sanamu ya Gable inasimama nje ya ukumbi wa Carver-Hawkeye tangu 2012, na jumba la makumbusho la mieleka mjini Waterloo lina jina lake. Desemba 2020 alipewa Nishani ya Rais ya Uhuru, heshima ya juu kwa raia wa Marekani, ambayo hakuna mwanamieleka mwingine aliyekuwa ameipata kabla yake.

Mwaka 2021 chuo kilitangaza timu ya wanawake, cha kwanza kufanya hivyo miongoni mwa vyuo vya ligi kubwa, na kikamwajiri Clarissa Chun, bingwa wa dunia wa 2008 na mshindi wa shaba ya Olimpiki ya 2012. Katika msimu wake wa kwanza kamili, Machi 2024, timu hiyo ilitwaa ubingwa wa taifa wa wanawake. Mwaka uliofuata NCAA iliupitisha mchezo huo kuwa miongoni mwa mashindano yake rasmi, na Chun sasa anasaka vijana katika jimbo ambalo mashindano ya sekondari ya wasichana yanakua kila msimu.